Miwaridi ya njano inapukutisha majani Kunduchi: nimekosea wapi?

Ua la Kunduchi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba msaada kwa yeyote mwenye uzoefu wa kukuza miwaridi katika joto letu la Dar es Salaam.

Bustani yangu ni kipande cha ardhi chenye urefu wa hatua nne na upana wa hatua tatu, kati ya ukuta wa uzio na baraza ya nyuma. Jua hulipata kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana hivi, ambapo kivuli cha ghorofa ya jirani hukifunika chote. Mwezi wa Januari nilinunua miche miwili ya mwaridi wa njano kwa muuza miche wa kando ya barabara ya Bagamoyo, ambaye alinihakikishia kwamba ni miche ya kubebeshwa na kwamba itachanua mwaka mzima. Ua la kwanza, lililokuja likiwa tumba tayari, lilijaa kiganja changu: njano iliyokolea katikati, na kingo za petali zikiwa na wekundu mwepesi kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Nililipiga picha nikawatumia ndugu zangu wote. Ua la pili, lililochanua Februari, lilikuwa nusu ya lile, likafunguka asubuhi na kufikia magharibi likawa limepauka.

Mambo yaliharibika masika ilipoanza. Majani ya chini yaliota madoa meusi, yakageuka njano, yakaanguka. Kisha yale ya juu yake yakafuata, na kadhalika, hata leo hii mimea yangu inafanana na minazi miwili mifupi, shina tupu na kishungi kileleni. Hayo majani machache yaliyobaki kileleni nayo yamepauka, ingawa mishipa yake ingali ya kijani. Mmoja kati ya miwili umetoa pia fimbo ndefu kutoka chini kabisa, yenye majani madogo ya kijani kibichi, na hiyo ndiyo sehemu pekee inayoonekana kuwa na afya.

Sijauacha mwaridi bila matunzo. Kila wiki nimeutia majivu ya mkaa na maganda ya mayai niliyoyasaga, nimenyunyiza maji ya sabuni, na kila jioni nimeumwagilia kwa mpira kuanzia kichwani mpaka chini, kwa kuwa niliona baada ya joto la kutwa nzima nao unastahili kuoga. Maji ya bomba yanapokatika natumia ya kisima. Miche yote miwili nimeipanda karibu na ukuta, kama hatua moja kasoro, ili isizibe njia.

Je, nimekosea wapi, na je, inafaa kuendelea kuihangaikia au niing'oe?

Binti Upanga

Dada, pole sana. Mimi nilihangaika na mwaridi wa njano kibarazani kwa mwaka mmoja na nusu, nikaishia kuuchoma. Kwa sasa nina waridi la jangwani katika vyungu vitatu, ambalo jina lake tu ndilo la waridi, lakini halinidai dawa wala halininunii nikisafiri wiki mbili. Ushauri wangu ni kwamba maua ya Arusha tuyanunue yakiwa yamekatwa, na hapa kwetu tupande yanayopapenda.

Mzee Makumbi

Wanangu, hamjambo? Naona Binti Upanga amekata tamaa mapema. Mimi nimezaliwa Lushoto, na mama yangu alikuwa na miwaridi mlangoni miaka yote niliyoishi pale, na dawa yake ilikuwa moja tu, majivu ya jikoni. Huyu dada afanye subira na aongeze majivu, maana inaelekea anatia machache. Hapa mjini watu wanapenda dawa za dukani kabla hawajamaliza za nyumbani.

Mpogoaji wa Kimara

Shikamoo Mzee Makumbi, na salamu kwako dada wa Kunduchi. Nimefanya kazi miaka sita katika shamba la maua huko Arusha kabla ya kuhamia Dar, na tangu nihamie nimeua miwaridi mingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo. Nadhani miwaridi yako inaumwa na mambo manne yaliyokutana mahali pamoja, na ndiyo sababu dawa moja haifui dafu.

Nianze na madoa. Chukua jani moja la chini lililokwisha kuanguka, ulitazame kwenye mwanga. Kama doa ni jeusi au la kahawia iliyokolea, na ukingo wake haukukatika safi bali umechanguka, kama tone la wino lililodondoka kwenye karatasi nyepesi ya daftari, na jani limegeuka njano kulizunguka, basi huo ni ugonjwa wa madoa meusi, unaoletwa na kuvu aitwaye Diplocarpon rosae. Kuvu huyu hahitaji kidonda wala mdudu wa kumbeba, anahitaji maji. Chembe yake ikitua juu ya jani, na jani hilo likabaki bichi kwa saa saba hivi bila kukauka, inachimba na kuingia, na matone ya mvua au ya mpira hurusha chembe nyingine kutoka doa la jani la chini mpaka jani la juu yake. Sasa hesabu mwenyewe: ukiogesha mwaridi saa kumi na mbili jioni, katika unyevu wa hewa wa pwani, karibu na ukuta unaozuia upepo, jani hilo litakauka saa ngapi? Halitakauka mpaka jua la kesho. Masika ilikukuta ukiwa umekwisha kuianzia kazi.

Rangi nayo ina lawama yake, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu watu wengi hudhani mwaridi wa njano unaumwa kwa bahati mbaya. Hawa tunaowaita chotara wa chai, wenye ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, walianza kuhesabiwa kuanzia waridi la pinki lililoitwa 'La France', alilolitoa Guillot huko Ufaransa mwaka 1867. Kwa muda mrefu hawakuwa na njano iliyokolea. Aliyeipata ni mkulima wa Lyon, Joseph Pernet-Ducher, ambaye alichavusha waridi lake kwa mbelewele za waridi pori la njano la Uajemi, Rosa foetida, na kutokana na kazi hiyo mwaka 1900 akatoa 'Soleil d'Or', yaani Jua la Dhahabu. Njano kali karibu zote za bustani za leo zina damu ya waridi hilo la Uajemi. Tatizo ni kwamba waridi lile ni la nchi kame, kwao halikuwa na haja ya kujikinga na kuvu wa mvua, na ndiyo maana likipelekwa penye unyevu huliwa na madoa meusi kuliko mengine. Wazao wake walirithi rangi na wakarithi na udhaifu. Wakulima wa baadaye wamejitahidi kuupunguza, lakini kati ya miwaridi niliyowahi kuitunza ubavu kwa ubavu, wa njano ndio uliotangulia kuvuliwa nguo kila masika.

Maelezo yako ya njano yenye kingo nyekundu yananikumbusha waridi lile maarufu la mkulima Mfaransa Francis Meilland, ambalo Ufaransa liliitwa kwa jina la mama yake, 'Madame A. Meilland', Ujerumani 'Gloria Dei', Italia 'Gioia', na Marekani likatangazwa kuwa 'Peace', yaani Amani, tarehe 29 Aprili 1945, wakati vita vya Ulaya vikielekea ukingoni. Wauza miche wetu huuza kwa rangi, hawauzi kwa jina, kwa hiyo linaweza kuwa ndilo au mjukuu wake. Kama ndilo, ujue ni ua la fahari na ni mgonjwa wa madoa meusi wa siku nyingi.

Jambo la pili ni yale majani ya juu yaliyopauka huku mishipa yake ikiwa ya kijani. Hayo si madoa meusi. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma, na hapo ndipo ninapotofautiana kwa heshima na Mzee wangu. Udongo wa Lushoto, mlimani, penye mvua nyingi, huwa wa chachu, na majivu huupunguzia uchachu huo, kwa hiyo mama alikuwa sahihi kabisa mlangoni kwake. Lakini dada huyu yuko Kunduchi. Ardhi ya huko imekalia matumbawe na mawe ya chokaa. Si mbali naye ndiko kilima cha Wazo kinakochimbwa chokaa ya kutengenezea saruji. Mwaridi hupenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu, kati ya 6 na 6.5, yaani wenye uchachu kidogo. Udongo wa matumbawe unapita 7, ambako uchachu umekwisha, na chuma ambacho kimo humo humo ardhini hujifunga, mizizi haiwezi kukinyonya. Majivu ni kama chokaa, maganda ya mayai ni kama chokaa, na ukuta uliopigwa plasta nao hushusha chokaa kila mvua inyeshapo. Dada, umekuwa ukimlisha chumvi mtu mwenye presha.

Usiniamini kwa maneno. Chimba udongo kwa kina cha kiganja karibu na mche, uweke kijiko kimoja kwenye kisahani, umwagie siki nyeupe. Ukitoa povu na kuchemka kwa sauti ndogo, kuna chokaa humo.

La tatu ni ile fimbo ndefu yenye majani madogo. Mche wa kubebeshwa ni mimea miwili: chini kuna shina la kienyeji lenye mizizi imara, na juu kumeungwa jicho la chotara. Fuatilia fimbo hiyo mpaka inapoanzia. Ikiwa imetoka chini ya ule uvimbe wa kiungo, basi hayo ni maotea ya shina la chini, na kamwe hayatakupa ua la njano. Yanakula chakula tu. Usiyakate kwa mkasi, kwa sababu yatarudi matatu. Fukua udongo, yashike karibu kabisa na mzizi, uyanyofoe kwa kuyavuta kuelekea chini.

La nne ni ua lako la Februari, na hilo si ugonjwa. Kule Arusha, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wa baridi hulichelewesha tumba, nalo linapata muda wa kujaza petali zake. Dar mwezi wa Februari mchana hufika nyuzi 32 na usiku haushuki chini ya 24 au 25, tumba linakimbizwa, linafunguka kabla halijakomaa, na njano inababuka juani. Dawa yake ni kalenda. Ua zuri la Dar ni la kipupwe, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, na sasa ndiyo kwanza tunaingia humo.

Kwa hiyo usiing'oe. Acha majivu na maganda leo. Mwagilia asubuhi, maji yaende ardhini tu, polepole, kiasi cha ndoo nusu kwa mche mara tatu kwa wiki, na jani lisiguswe. Okota kila jani lililoanguka ulitie kwenye taka, si kwenye shimo la mboji. Nyunyiza dawa ya ukungu yenye mankozebu alfajiri, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ukiwa umevaa glavu na barakoa, kabla nyuki hawajaamka, kila baada ya siku kumi mpaka majani mapya yatakapotoka safi. Dawa haiponyi jani lenye doa. Inalinda lile ambalo bado. Na tafadhali usiipogoe kwa nguvu sasa, maana mmea usio na majani unaishi kwa akiba iliyomo shinani. Ondoa vijiti vilivyokufa tu, na ncha ya kila tawi kidogo, juu ya jicho linalotazama nje.

Ua la Kunduchi

Kaka Mpogoaji, Mungu akubariki. Nimesoma jibu lako mara tatu, kisha nikaenda uani na kisahani.

Udongo ulichemka. Niliweka sahani sikioni na nikasikia, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nikachimba zaidi kwa udadisi, na chini kidogo nikakutana na vipande vya tofali, mabonge ya zege na matumbawe yenye matundu. Kumbe mafundi waliojenga uzio walifukia kifusi chao chote hapo wakatandaza udongo juu yake. Fimbo nayo imetoka chini ya uvimbe, upande wa ukutani ambako sikuwa nikipaona. Nimeinyofoa. Ilikuwa na miiba midogo tofauti kabisa na ile ya mche wenyewe.

Nina maswali mawili. Kwanza, ikiwa ardhi yote ni kifusi, nitabadilishaje udongo wa eneo zima? Pili, majani machache yana ukingo uliokauka kama ulioungua, jambo ambalo hukulitaja. Je, nalo ni kuvu?

Mzee Makumbi

Marahaba, kijana wa Kimara. Nimeelewa, na sina ubishi na kisahani. Mama angekuwa hai ningempelekea siki.

Kuhusu udongo, hapo mimi nina la kusema, kwa sababu nimehamishia kila kitu kwenye mapipa tangu nilipojenga Mbweni na kukuta mwamba kwa kina cha goti. Usihangaike kubadilisha eneo zima, binti yangu. Hata ukichimba shimo ukalijaza udongo mzuri, maji ya chokaa yatapenya kutoka pembeni, na mizizi ikitoka nje ya shimo itakutana na yale yale. Nunua pipa la plastiki la lita 200, ulikate katikati kwa msumeno, upate vyungu viwili. Hakikisha pipa lilibeba chakula au sabuni, si kemikali za viwandani. Toboa matundu sita chini na manne pembeni karibu na kitako, maana tundu la chini likikaa juu ya sakafu huziba. Liinue kwa vipande vitatu vya tofali.

Udongo mwekundu wa huko Pugu na Kisarawe huletwa na watu wa kirikuu. Mwambie muuzaji usitoke pwani. Mimi huchanganya kwa karai: karai mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi na una makombe. Siku ya kuhamisha mche, uukalishe ili ule uvimbe wa kiungo ubaki juu ya udongo kwa vidole viwili; nchi za baridi kali hukifukia kiungo kwa kuogopa barafu, sisi tukikifukia kinaoza. Kisha tandaza makumbi ya nazi juu, yasigusane na shina. Makumbi hayo yanazuia matone kurusha udongo kwenye majani, na kwa maelezo ya kijana hapo juu naona sasa kwa nini miwaridi yangu imekuwa na unafuu kuliko ya jirani, ingawa mimi niliyaweka kwa ajili ya kutunza unyevu tu. Ndiyo jina langu hapa jukwaani.

Ukingo ulioungua nadhani ni kisima chako. Onja hayo maji.

Mpogoaji wa Kimara

Mzee amemaliza. Niongeze mawili matatu tu.

Ukingo wa jani uliokauka kuanzia nje kuelekea ndani, bila doa, kwa kawaida ni chumvi. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya magadi au ya chumvi, na mwaridi ni mmoja wa mimea isiyoivumilia. Kwenye pipa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu maji huondoka na chumvi hubaki. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati kila unapoweza. Ukilazimika kutumia ya kisima, basi mara moja kwa wiki mimina maji ya bomba au ya mvua mengi mpaka yatiririke chini kwa dakika kadhaa, yaoshe udongo.

Mbolea, usianze nayo. Subiri majani mapya yafunguke na kukomaa, ndipo uweke kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwa kila pipa, mbali na shina, juu ya udongo uliokwisha kulowana, mara moja kwa mwezi. Mche utakaobaki ardhini, ukihitaji naitrojeni, upe SA (salfeti ya amonia) badala ya CAN (naitreti ya amonia yenye kalisi), kwa sababu SA inaongeza uchachu na CAN inabeba kalisi ambayo wewe unayo ya kutosha kujengea nyumba nyingine. Kwa yale majani ya kileleni yaliyopauka unaweza kunyunyiza busta, yaani mbolea ya majani, yenye madini ya chuma, asubuhi mapema. Inasaidia kwa wiki chache, lakini tiba ni udongo.

Maji ya sabuni uliyokuwa ukinyunyiza si upuuzi, ila ulimpa asiyeumwa nayo. Yahifadhi kwa vidukari wanaojazana kwenye matumba. Desemba na Januari, mvua zikikatika, geuza jani utazame chini yake: ukiona vumbi jekundu linalotembea na utando mwembamba, huo ni utitiri, nao hupenda mimea iliyobanwa ukutani penye joto lisilo na upepo. Sogeza mapipa yakae angalau mita moja kutoka ukutani na umbali kama huo kati ya moja na lingine. Najua bustani ni ndogo. Ni afadhali mwaridi mmoja unaopitiwa na upepo kuliko miwili inayopumuliana.

Binti Upanga

Naomba kuuliza kwa aibu kidogo baada ya maneno yangu ya kwanza. Je, mtu anaweza kukata kijiti cha mwaridi huo akakipanda tu bila kubebesha? Kibaraza changu kinapata upepo wa bahari kutwa nzima, na sikuwahi kufikiri kwamba upepo nao ni dawa.

Mpogoaji wa Kimara

Unaweza, dada, lakini wa njano ni wagumu kutoa mizizi kuliko wa pinki na wekundu, na hata wakitoa, mara nyingi mche hubaki dhaifu. Kata kijiti cha unene wa penseli, chenye urefu wa shibiri moja, kutoka kwenye tawi lililomaliza kuchanua, ukichomeke kwenye mchanga wa mto uliolowana, ukifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako na ukiweke kivulini. Panda sita upate mmoja au miwili. Ila upepo wa bahari karibu sana na maji hubeba chumvi, kwa hiyo Upanga panafaa, ufukweni hapafai.

Ua la Kunduchi

Ndugu zangu, leo ni wiki ya nane tangu niulize, na naona ni haki nirudi kuwaambia yaliyotokea.

Mche mmoja nilishindwa kuuokoa. Nilipoufukua mizizi yake ilikuwa imejikunja kuzunguka bonge la zege, na nusu yake imeoza. Nadhani ni wakati wa masika, maji yalituama juu ya kifusi. Wa pili, ule uliokuwa na maotea, niliuhamishia kwenye nusu pipa kwa vipimo vya Mzee vya karai mbili, moja na moja. Nililipaka pipa rangi nyeupe kwa nje kwa sababu lilikuwa jeusi na mchana lilikuwa linashikika kwa tabu. Limekaa kona ya baraza, mbali na ukuta, mahali ambapo nilikuwa nikianikia viatu.

Kwa wiki mbili halikutokea lolote, nikawa natazama fimbo tatu kila asubuhi na kikombe changu cha chai mkononi. Wiki ya tatu macho mekundu yalivimba pembeni mwa tawi. Sasa mche una majani ya kijani yanayong'aa mpaka chini, isipokuwa manne yaliyopata madoa baada ya ile mvua ya ghafla ya mwezi uliopita, ambayo niliyachuma siku hiyo hiyo. Nimepulizia dawa mara tatu tu, kisha nikaacha kwa kuwa sikuona tena sababu.

Tumba lilikaa siku tisa bila kufunguka, hata nikafikiri limekufa. Juzi lilifunguka nusu. Jana halikumaliza. Leo asubuhi, siku ya tatu, ndipo petali za nje zimejikunja, na ile rangi ya shavu imerudi kwenye kingo, nyekundu kuliko ile niliyoiona Januari. Nililipima kwa rula ya mwanangu: sentimita 12.

Nimebaki na swali moja kwa Kaka Mpogoaji. Ua hili nilikate wapi litakapochoka, na vuli ikianza Oktoba nifanye nini kabla ya mvua?

Mpogoaji wa Kimara

Hongera sana, dada. Kata juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano linalotazama nje ya mche, si lile la vijani vitatu lililo karibu na ua, kwa sababu jicho la juu lile hutoa tawi jembamba lisiloweza kubeba ua zito. Ua lingine litakuja baada ya wiki sita au saba. Mche ukiwa bado mdogo usikate kikonyo kirefu kwa ajili ya chombo, uachie majani.

Mwishoni mwa Septemba pogoa kidogo katikati, utoe matawi yanayokatizana ili upepo upite, ongeza makumbi mapya, na uanze dawa wiki moja kabla ya mvua, usisubiri doa la kwanza. Na kama baraza ina paa lililotokeza, sukuma pipa lisogee ndani mvua ikinyesha mfululizo, kisha ulirudishe juani. Pipa lenye udongo uliolowana ni zito. Mtafute kijana wa kukusaidia, usilisukume peke yako.

Mzee Makumbi

Siki ile iliyobaki, binti yangu, iweke kwenye kachumbari. Na ile nusu ya pili ya pipa usiiache wazi ikakusanya maji ya mbu; nitakupa mche wa mrehani uujaze humo, uje nao Binti Upanga akichukua vijiti vyake.